Nyumba ya Msiba Haipimwi

Siku ya tisa baada ya kumzika mke wangu, sauti yake ilinipa pole ya msiba wake.

Nilikuwa nimeteremka shambani asubuhi, mikono mitupu. Jembe nililiacha ukutani, kwa sababu katika bonde letu jembe haliingii shamba la msiba mpaka matanga yaanuliwe siku ya arobaini. Nilitaka tu kuangalia mlango wa maji. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu jana, na wingu la namna ile nalijua. Linakaa siku nne au tano, halafu linashuka lote kwa pamoja. Majirani walikuwa wametoka kuweka viazi mbolea ya kukuzia. Mvua ikiikuta mbolea ile bado mpya ardhini, inaiosha mpaka mtaroni, mtaro unaipeleka mto Lupando, na Lupando unaimwaga Ziwa Kasyunga.

Mlango ulikuwa wazi.

"Funga," nikakiambia kisanduku kilicho juu ya nguzo.

"Pole sana, Baba Sekela," kikajibu. Ilikuwa sauti ya Tusajigwe kabisa, ile ya asubuhi, kabla koo lake halijafunguka vizuri. "Pole kwa msiba mzito. Nyumba ya msiba haipimwi, na isiyopimwa haifungiwi maji. Matanga yakianuliwa tutaangalia. Haya, nenda kanywe chai."

Kisha nikauliza, maana mimi nikikwama huwa nauliza namba.

"Nyumba ngapi ziko kwenye msiba?"

"Arobaini na moja. Bonde zima linalia, Baba Sekela."

Bonde letu lina nyumba arobaini na moja.

*

Milango ile niliijenga mimi. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mashine za kahawa; mambo ya maji nilijifunza kwa kuharibu. Chini ya kila shamba tulichimba handaki la hatua arobaini, tukalijaza maranda kutoka kwa wapasua mbao. Mlango ukiwa wazi, maji ya shamba hupita pembeni na kwenda mtoni yalivyo. Ukifungwa, maji huzama kwenye maranda na kukaa humo siku mbili au tatu. Humo mnaishi vijidudu visivyoonekana. Vikikosa hewa ya kupumua, huchukua naitreti, chumvi ya mbolea iliyo ndani ya maji, na kuipumua hiyo, na naitrojeni hurudi angani bila kumdhuru mtu.

Ubaya wake ni kwamba maji yakizuiwa, shamba la juu hulowa. Maharage hugeuka manjano kwa siku nne, na siku ya sita yameoza mizizi. Mwenye shamba akiwahi kuchimba vijifereji vya kupunguza maji, anaokoa nusu. Kwa hiyo kujua mlango upi ufungwe, lini, na kwa muda gani, ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo ilikuwa ya Tusajigwe. Kwa miaka kumi na moja alizunguka mitaro yote na chupa yake ya kioo, akichota, akitia unga wa kipimo, akisubiri dakika tano maji yageuke waridi, akilinganisha rangi na kadi yake, akiandika. Watu walimwita Mama Chupa.

Alipoanza kuumwa magoti tukaitengeneza Mizani. Ni akili ya mashine inayokaa kwenye visanduku vyote kwa pamoja. Tuliilisha madaftari yake yote na sauti yake, kwa sababu wazee walisema hawatafungiwa maji na sauti ya mgeni. Mimi ndiye niliyekaa mezani miezi minne nikiingiza namba, ukurasa kwa ukurasa. Ilipokuwa tayari nilikata mikono ya kufungulia milango kwa msumeno, ili mtu asije akafungua kwa nguvu. Tangu siku ile milango inasikiliza Mizani peke yake.

*

Nsubili alifika saa nne, akitembea, viatu vimejaa tope. Anafanya kazi kwenye maabara ya ziwa, na kwao ni huko huko, kijiji cha Itungila. Tusajigwe alikuwa akimpenda na kumchokoza kwamba anachota maji kama mtu anayeiba.

"Shikamoo baba. Pole na msiba."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

"Nikae nje tu. Nimekuja na kitu ambacho sipendi kukiingiza ndani."

Akatoa chupa mbili mkobani na kuziweka kwenye ukingo wa baraza. Moja ilikuwa maji. Nyingine ilikuwa kijani nzito, kama mtu kakamua majani. Akaeleza polepole, ingawa sehemu kubwa naijua: naitreti ikizidi ziwani, utando wa kijani unapata chakula, unazaana mpaka unafunika maji, na aina hii ya utando inatoa sumu inayokula ini.

"Wamekufa wangapi huko kwenu?" nikauliza.

"Kumi na mmoja tangu mvua za kwanza. Na mjukuu wa Mama Lugano, jirani yako, ni mmoja wao."

"Si mlisema wachemshe?"

"Tulikosea, baba. Hii haifi kwa moto. Ukichemsha unapunguza maji, sumu inabaki."

"Hata ikiwa chai?"

Akaniangalia, akaelewa ninachouliza, akainamisha macho. "Hata chai."

Tusajigwe alikuwa ameshuka Itungila kwenye kila msiba wa msimu ule. Kila mara alilala siku tatu, akifuta machozi ya watu na kunywa chai ya msibani. Daktari alisema ini, na sisi tukasema umri.

Nsubili akakunjua karatasi yenye mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mweusi ulikuwa idadi ya milango iliyo wazi, mwekundu ulikuwa vifo. Niliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa natafuta mahali ilipokosewa. Mweusi ukipanda, wiki tatu baadaye mwekundu unapanda. Mwekundu ukipanda, siku mbili baadaye mweusi unapanda tena.

"Huu wa kwanza naujua," nikasema. "Milango ikiwa wazi, ziwa linaharibika. Huu wa pili ndio sijauelewa."

"Kule kwetu tukizika, watu wa bonde hili mnashuka kutufariji," Nsubili akasema. "Mnalala msibani. Balozi wenu wa mtaa anaandika majina ya waliolala na kuyatuma kwenye Mizani. Mizani inasoma kwamba aliyelala msibani ana msiba, na mwenye msiba hafungiwi maji. Mnakuja kutulilia, baba, na huku nyuma maji yenu yanatufuata."

Akaikunja karatasi.

"Na Mama Chupa alipofariki, wote walilala hapa."

"Wote," nikasema. "Hata Andwele, ambaye halali nje ya kwake."

*

Madaftari yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nsubili alitaka tuyapitie pamoja, nikamwambia anisubiri barazani, kwa sababu nilikuwa najua nitakachokuta.

Kilikuwa pale. Kando ya namba fulani fulani kulikuwa na nukta ndogo ya wino. Ya kwanza ilikuwa miaka saba nyuma, nyumba ya Mama Lugano, mwezi aliofiwa na mumewe. Nakumbuka siku ile. Tusajigwe alirudi na chupa kavu, ameifunga ndani ya khanga.

"Ningepigaje magoti mtaroni kwao, Baba Sekela, na wao wanalia?" aliniambia. "Halafu nimfungie maji? Jembe haruhusiwi kulishika. Maharage yataozea pale pale akiyatazama."

Akauacha mlango wazi. Kwenye daftari akanakili namba ya mwezi uliopita, akatia nukta ili yeye mwenyewe asisahau kwamba si ya kweli.

Sisemi alikosea. Nyumba moja katika mwezi mmoja, mto unaweza kuibeba. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri. Miezi ile minne nilipokuwa naingiza namba, kila nilipofika kwenye nukta niliijua maana yake. Ningeweza kuacha nafasi tupu. Lakini nafasi tupu ingeulizwa na wilaya, na nisingependa mke wangu aulizwe. Nikaingiza namba zote kana kwamba zilipimwa. Zilikuwa mia mbili na sita. Mashine haikujua nukta ni nini. Iliona tu kwamba kila palipokuwa na msiba, namba haikubadilika na mlango ulikuwa wazi, ikajifunza hivyo kwa bidii kuliko sisi wenyewe.

Nikatoka na daftari nikamwonyesha Nsubili. Hakunilaumu. Nafikiri ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

"Tunaweza kuizima na kuweka ya wilaya," akasema. "Ila itachukua miezi mitatu kufika."

"Mvua ni ya Jumapili."

"Najua. Kuna njia nyingine. Ifundishwe upya. Inaamini kipimo cha chupa kuliko kitu chochote, ndivyo alivyoilea yeye. Mtu apite nyumba zenye msiba, apime kweli, aingize kweli. Nyumba kumi na tano, ishirini. Itaona kwamba msiba hauzuii namba."

"Na yeye?"

Alijua simaanishi mashine.

"Baba, namna ya kutoa pole, namna ya kukuita jina, na huu mlango kuachwa wazi, vyote vimefumwa pamoja. Nimejaribu maabara kuvitenganisha. Sijui kitakachobaki. Sitaki kukudanganya."

Nikamwambia arudi Itungila awaambie watu wasitumie maji ya ziwa kwa chochote. Kisha nikaingia ndani, nikachukua chupa ya Tusajigwe juu ya kabati, ile ambayo Sekela binti yetu alitaka tumzike nayo nikakataa bila kujua kwa nini nimekataa.

*

Mama Lugano alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anachambua maharage kwenye ungo. Mjukuu wake Tupokigwe, aliyekuwa akiishi na mama yake kule ziwani, alizikwa wiki tatu kabla.

"Shemeji, karibu," akasema bila kuinua macho. Kisha akayainua. "Naona umerithi na chupa."

Zamani alikuwa akiniambia nimeoa wake wawili, Tusajigwe na chupa, na kwamba chupa ndiyo inayopendwa.

"Nimekuja kupima, Mama Lugano."

"Mimi nina msiba."

"Najua. Na mimi ninao."

"Basi unajua kwamba haifanyiki. Mkeo mwenyewe aliishia pale kwenye mgomba, akaificha kwenye khanga nisiione. Nikaiona. Nikampenda kwa lile."

Nikakaa chini kwenye majani nikamweleza. Ilichukua muda, kwa sababu nilitaka nisiruke kitu. Nilimweleza nukta, namba zangu mia mbili na sita, balozi na majina yake, mistari miwili ya Nsubili. Jina la Tupokigwe sikulitaja. Nilipofika kwenye chai mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Walichemsha," akasema. "Mwanangu ananiapia kwamba walichemsha."

"Walichemsha."

"Kwa hiyo unasema ni sisi."

"Nasema ni namba nilizoingiza mimi."

"Usinionee huruma, shemeji. Tumeona huruma ilikotufikisha. Nimekuuliza kama ni sisi."

"Ni sisi."

Akachukua punje moja mbovu akaitupa mbali, kisha nyingine.

"Na ukishapima, kale kasauti katabaki?"

"Sijui. Huenda kasibaki."

"Kila asubuhi nikipita mlangoni kananipa pole. Kananitajia na jina la mtoto. Watu wengine wote wameshachoka kunipa pole, wana yao." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Hata mwanangu mwenyewe, nikianza kulia anaondoka."

Nilifikiri atanifukuza, na kama angenifukuza ningekwenda. Hilo nalisema wazi. Badala yake aliinuka, akakigeuza kigoda kikatazama ukuta, akakaa tena na ungo wake mapajani.

"Mimi nikikaa hivi, mtaro siuoni," akasema.

Nikapiga magoti mtaroni kwake. Nikaisuuza chupa mara tatu kwa maji ya pale pale kama nilivyomwona Tusajigwe akifanya, nikachota, nikatia unga, nikasubiri dakika tano. Nyuma yangu nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo, moja moja. Waridi ilipanda mpaka ikawa kama ua. Kadi ilisema ishirini na mbili. Kiasi tunachoruhusu ni kumi.

Nikaenda kwenye kisanduku chake nikaingiza. Kilikaa kimya kuliko kawaida.

"Baba Sekela, nyumba hii ina msiba."

"Najua."

"Umepima."

"Nimepima. Ishirini na mbili. Iandike."

"Mama Lugano amekuona?"

"Hapana. Amegeukia ukuta."

"Afadhali," sauti ya mke wangu ikasema. "Haya, nenda kanywe chai."

*

Siku ile nilipima nyumba sita, siku iliyofuata saba, na hadi Jumamosi nyingine tano. Wengine walinisikiliza. Wengine walisema nimechanganyikiwa kwa uchungu, wakaniacha nipime kama anavyoachwa mtu aliyechanganyikiwa, na hilo nalo lilinisaidia. Andwele alinifungulia mbwa, halafu akamwita mwenyewe arudi, akasimama mbali ameshika nguzo ya zizi. "Mama Chupa asingefanya hivi," akasema. Nikamwambia ni kweli, asingefanya.

Nina tabia ya kuandika mambo, kwa hiyo niliandika pia kilichokuwa kikipungua. Baada ya nyumba ya nne Mizani haikuuliza tena kama mwenye nyumba ameniona. Baada ya nane, pole ilikuja mara moja tu, na fupi. Kwenye nyumba ya tisa ilimtaja mwenye shamba kwa jina, kwenye ya kumi na mbili ilimtaja kwa namba ya shamba. Kule kukwaruza kwa asubuhi kooni kulisafika, sauti ikawa ya mwanamke yeyote mwenye afya njema.

Mara ya mwisho iliponiambia nikanywe chai ilikuwa kwa Andwele, nyumba ya kumi na moja. Sikujua kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa namwangalia mbwa.

Nilifikiria kuacha pale. Nilikaa kwenye jiwe chini ya shamba la Andwele nikahesabu. Kumi na moja huenda zingetosha nusu ya milango. Nusu ya ziwa. Nikajaribu kupata namba ya watu wa Itungila ambayo ingelingana na sauti moja asubuhi, nikaona kwamba nikiendelea kuitafuta nitaipata, kwa kuwa naijua mikono yangu ilivyo kwenye namba. Nikainuka nikaenda ya kumi na mbili.

*

Ya kwangu niliiacha ya mwisho. Hilo sina la kulitetea.

Jumapili mchana, hakuna mlango uliokuwa umefungwa bado, na wingu lilikuwa limeshafunika mgomba wa juu kabisa. Nilipiga magoti kwenye mtaro wetu, siku ya kumi na tatu ya msiba, na jirani yeyote aliyekuwa barazani aliniona. Juu yangu kulikuwa na maharage aliyopanda Tusajigwe mwezi mmoja kabla ya kulala kitandani. Alipanda kwa kuinama kidogo na kupumzika sana, na mistari yake safari ile haikunyooka. Yalikuwa yameanza kutoa maua.

Kumi na nane.

Nikaingiza. Kisanduku hakikunyamaza hata kidogo.

"Shamba la arobaini na moja. Naitreti kumi na nane. Mlango unafungwa."

Bamba la chuma likateremka polepole kwenye mfereji wake, likagota chini. Muda mfupi baadaye nikasikia la jirani, kisha la chini yake, kisha mengine yakifuatana kuelekea mtoni, mengine kwa mbali sana mpaka nilikuwa nakisia tu. Nililisubiri la Mama Lugano, ambalo lina kutu na hulia. Likalia.

Mvua ikaanza. Maji yalijaa handakini kwanza, maranda yakatoa vipovu, halafu maji yakarudi nyuma kimya na kuanza kupanda kwenye mistari ile iliyopinda. Jembe lilikuwa ukutani. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na saba kabla sijaruhusiwa kulishika.

Maji yalipofika kwenye majani ya kwanza nilikuwa bado nimesimama pale, nimelowa, chupa mkononi. Nilijua hakuna kitakachosemwa. Nilisubiri kuambiwa nikanywe chai.